Kolibri "aliyekufa" kwenye kamba ya nguo

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni Mtanzania, niko Turrialba, Costa Rica, mwaka wa pili sasa, kwa masomo ya kilimo mseto. Nje ya dirisha la jiko langu kuna mlimau, na humo ndege mdogo sana mwenye mkia wa rangi ya kutu amejenga kikombe kama cha pamba na kutaga mayai mawili. Dume sijamwona akisaidia hata siku moja. Anayekuja ni mwingine, na kazi yake ni kumfukuza huyu mama. Wiki iliyopita mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya nne nikakuta ndege wa aina hiyohiyo ananing'inia kwenye kamba ya nguo barazani, kichwa chini miguu juu, macho yamefumba, nikamgusa nikaona ni wa baridi kabisa. Nikaenda kutafuta kitu cha kuchimbia shimo. Niliporudi alikuwa anatetemeka, na baada ya kama nusu saa akaruka. Mama mwenye nyumba anasema ndege hawa hufa na kufufuka. Je, ni ugonjwa? Niingize mayai ndani yasije yakapoa? Nimenunua chupa ya kuwalishia pamoja na unga mwekundu wa kuchanganya na maji, sijui nitawasaidia au nitawaua. Na nyumbani Morogoro nikiwatumia picha wananiambia huyo ni chozi tu, hata sisi tunaye. Naomba ufafanuzi."*

Marahaba, ndugu yangu. La kwanza kabla ya yote: mayai yaache palepale yalipo. Usiyaguse, usiyafunike, usiyaingize ndani. Mengine tunaweza kuyazungumza taratibu.

Nimesoma swali lako mara mbili, na chini ya maswali yote hayo naona hofu moja: kwamba kuna ndege anakufa mlangoni pako na wewe umesimama unatazama. Nikutoe wasiwasi. Yule wa kwenye kamba hakuwa mgonjwa, hakufa, na kwa hiyo hakufufuka. Alikuwa anabana matumizi, kama anavyofanya mtu yeyote ambaye mshahara umechelewa. Ukishaielewa hesabu ya ndege huyu, karibu kila kitu ulichokiona kitakaa mahali pake, pamoja na huyo dume asiye na huruma.

Tuanze na jina. Kolibri, ambao kwa Kiswahili wengine huwaita ndege wavumaji kwa ule mvumo wa mabawa, wako zaidi ya spishi 350, na Costa Rica peke yake ina kama 50. Lakini mkia wa rangi ya kutu, bustanini, tena Turrialba, unanipeleka moja kwa moja kwa *Amazilia tzacatl*. Vitabu vya Kihispania humwita amazilia rabirrufa, yaani yule wa mkia mwekundu-kahawia. Mama mwenye nyumba wako huenda akamwita gorrión tu, kwa sababu vijijini Costa Rica kolibri wote ni gorrión, jina ambalo kwa wasemaji wengine wa Kihispania ni la shomoro. Usibishane naye, kila mmoja ana shomoro wake.

Ukitaka kuwa na uhakika, mtazame akiwa ametua. Urefu wake ni kama sentimita 10 toka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, na uzito wake ni gramu 5 hivi. Chukua kijiko cha chai, kijaze sukari, ufute kilichozidi juu: ndege mzima, na moyo wake na mabawa yake na ugomvi wake wote, ana uzito wa namna hiyo. Mgongo ni wa kijani chenye mng'ao wa shaba, koo na kifua kijani kinachometameta, tumbo la kijivu kama majivu, na mdomo ulionyooka, mwekundu, wenye ncha nyeusi. Jike na dume wanafanana sana. Jike amefifia kidogo tu, na manyoya ya kooni yana kingo nyeupe-nyeupe.

Sasa kuna kitu ambacho huenda kimekuchanganya kwenye picha zako. Ile kijani ya kooni hugeuka kuwa nyeusi kabisa ndege akigeuza shingo kidogo tu. Kijani ile hailetwi na rangi iliyomo ndani ya unyoya. Inaletwa na vijisahani vidogo mno vilivyopangwa kwa tabaka, vinavyorudisha mwanga wa aina moja upande mmoja, kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi barabarani. Ukisimama vibaya, taa imezimwa. Mkia hauna mchezo huo. Rangi yake ni rangi kweli, imo ndani ya unyoya, na ukimwangalia kwa mbele au kwa nyuma, juani au kivulini, inabaki kutu. Kwa hiyo mimi huwaambia wanaoanza: koo litakudanganya, angalia mkia. Na ukienda Guanacaste kule kwenye ukame wa kaskazini-magharibi, ukakuta mwenye kutu mpaka tumboni, huyo ni binamu yake, wako ana tumbo la kijivu.

Huyu wako anaanzia mashariki ya Meksiko, anashuka Amerika ya Kati yote, anaingia Kolombia na magharibi ya Venezuela na Ekuador. Si ndege wa msitu mnene. Anapenda ukingo wa msitu, kando ya mito, vichaka, mashamba ya kahawa, migomba na bustani za watu, toka usawa wa bahari hadi karibu mita 1,800. Mwanadamu akifyeka na kupanda maua, ndege wengi hupata hasara, lakini huyu hupata kiwanja. Ndiyo maana mlimau wako umempendeza.

Sasa la Morogoro. Waambie nyumbani kwamba wamekosea, lakini kosa lao ni la heshima, maana hata wasafiri wengi wanaokuja Afrika hulifanya. Chozi na kolibri hawana undugu wa karibu. Chozi ni jamaa wa ndege waimbao, kundi moja na shomoro na kwera. Kolibri ndugu zake wa karibu ni barawai, wale weusi wanaozunguka kwa kelele juu ya minara na majengo ya kale ya pwani, ambao wengi tunawaita mbayuwayu kwa kuwachanganya. Wote wawili, chozi na kolibri, walizifuata zile zile nekta za ndani ya maua, kila mmoja bara lake, wakaishia kufanana: wadogo, wanaong'aa, wenye midomo mirefu. Lakini mtazame chozi akila. Hutua. Hushika kikonyo, akainama, akanyonya. Anaweza kujaribu kusimama hewani kwa nukta chache, kisha anachoka. Kolibri hukaa hewani mbele ya ua kana kwamba amening'inizwa kwa uzi, kisha anarudi nyuma kinyumenyume, jambo ambalo chozi haliwezi. Viota navyo ni mbalimbali: cha chozi ni mfuko unaoning'inia wenye mlango ubavuni, cha kolibri ni kikombe wazi kilichokalia tawi.

Kolibri wa leo wako Amerika tu, toka Alaska hadi kusini kabisa. Hapo kale mambo yalikuwa tofauti: Ujerumani yamepatikana mabaki ya mifupa ya ndege wa ukoo huu, ya miaka kama milioni 30. Lakini kwetu Afrika hakuna hata mmoja. Wanaoapa kwamba wamemwona kolibri Arusha au Nairobi jioni kwenye maua ya petunia, mara nyingi wamemwona nondo, yule mnene mwenye ulimi mrefu anayevuma mbele ya ua. Wengine jina hili walilisikia kwanza kwa marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyependa kusimulia kisa cha kolibri aliyebeba tone moja moja la maji kuuzima moto wa msitu. Kisa kilitoka Amerika, kikapata makazi Kenya. Ndege mwenyewe hajavuka. Na familia yako isione haya: milima ya Uluguru, hapo juu ya mji wao, ina chozi wa Loveridge ambaye hapatikani kokote kwingine duniani. Mimi ningekuwa nao ningejivunia huyo.

Turudi kwenye kamba ya nguo, maana hapa ndipo penye mambo.

Kusimama hewani ni kazi ghali kuliko karibu kazi zote anazofanya mnyama mwenye uti wa mgongo. Ndege wa kawaida hupata nguvu ya kumwinua anapopiga bawa kwenda chini tu, bawa likirudi juu ni kama anapumzika. Kolibri bega lake linazunguka, bawa linachora umbo la 8 lililolala, na hata linaporudi linamwinua: kama robo ya kazi hufanywa wakati huo. Misuli hiyo inataka mafuta kila dakika. Hana pa kuyaweka mengi, kwa sababu akibeba akiba kubwa atakuwa mzito, na akiwa mzito kusimama hewani kutamgharimu zaidi. Kwa hiyo anaishi kwa sukari ya papo kwa papo. Sukari aliyoinywa sasa hivi ndiyo inayomrusha nusu saa baadaye. Ni mtu wa kutafuta asubuhi ale mchana. Kijiakiba cha mafuta anachokipata jioni ni cha kuvukia usiku mmoja.

Sasa mnyeshee mvua siku tatu. Maua yamejaa maji, nekta imezimuliwa, wadudu wamejificha, na kila safari anarudi na kidogo kuliko alichotumia. Jioni ya tatu anatua, na akiba haitoshi kufika alfajiri. Mwili mdogo hupoteza joto haraka, na mchana joto lake ni kama nyuzi 40 za Selsiasi. Akijaribu kulishikilia usiku kucha, atakufa kweli kabla ya jua. Basi anauzima moto. Anauacha mwili upoe ukaribie baridi ya hewa, moyo ambao akiruka huweza kupita mapigo 1,000 kwa dakika unashuka hadi makumi tu, pumzi inakuwa ya kuhesabika, hatikisiki, hasikii, hakimbii. Mimi huita hali hii kuzizima. Wale wa milima mirefu wanaifikisha mbali mno: kolibri mmoja wa Andes, nchini Peru, alipimwa mwili ukiwa nyuzi 3.3 tu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Wako, kwenye mita mia sita na kitu za Turrialba, hakuhitaji kufika huko, lakini kidole cha mtu kinahisi baridi hata mwili ukishuka hadi nyuzi ishirini.

Asubuhi anauwasha upya kwa kutetemesha misuli ya kifua, ileile ya kurukia. Hicho ndicho ulichokikuta uliporudi na jembe lako. Kutetemeka kule si kukata roho, ni injini inapashwa. Huchukua dakika ishirini hadi saa, na nusu saa uliyoisema imo humo. Kichwa chini nako kusikutishe: vidole vya ndege aliyezizima hubaki vimefunga, usawa ukipotea mwili unapinduka, vidole havifunguki, naye anabaki ananing'inia kama popo.

Mama mwenye nyumba, basi, hakutunga. Bernardino de Sahagún, mtawa wa Kihispania aliyeandika habari za Meksiko katika karne ya 16, aliandika vivyo hivyo kutoka kwa wenyeji: kwamba kiangazi ndege huyu hujining'iniza mtini kwa mdomo, anakauka, na mvua zikirejea anaamka. Walichokiona ni cha kweli. Walichokosea ni muda, maana kuzizima ni kwa usiku mmoja, si kwa msimu. Na mimi si wa kuwacheka. Kolibri wa kwanza niliyemshika mkononi, tulipokuwa tunawavisha ndege pete, alinyamaza ghafla kwenye kiganja changu na kufumba macho. Nikapiga kelele kwamba nimemuua. Mwenzangu mwenye uzoefu alichofanya ni kumfunika kwa viganja vyake viwili, akampulizia pumzi ya joto, akaendelea na hadithi aliyokuwa anatusimulia. Hadithi haijaisha, ndege kaondoka. Tangu hapo siharakishi kumwita ndege yeyote maiti asubuhi na mapema.

Je, aliyekuwa kwenye kamba ndiye mama wa mayai? Sidhani. Jike anayeatamia hujizuia sana kuzizima, kwa kuwa akipoa yeye, mayai yanapoa naye. Huko Marekani watafiti walipima viota vya spishi moja ya milimani usiku kucha, wakakuta majike wanakaa na joto lao, isipokuwa mara chache baada ya dhoruba iliyowanyima chakula jioni. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba hazizimi kamwe. Lakini angezizima angefanya hivyo akiwa amekalia kiota, asingeondoka akaenda kulala kwenye kamba yako. Yule alikuwa jirani. Na hata kama mayai yalipoa kidogo usiku ule, mayai ya ndege hawa huvumilia kupoa kwa muda kuliko yanavyovumilia mkono wa mtu.

Ile habari kwamba ndege akinusa harufu ya mtu kiotani hukimbia, isikutie hofu, haina msingi mkubwa. Sababu ya kutogusa ni nyingine. Kila ukisogea, yeye anaruka, na kila akiruka anatumia sukari ambayo hana na mayai yanabaki wazi. Isitoshe nyoka, na ndege wala-mayai kama tukani, wana macho ya kuona kinachovutia watu. Mayai hayo, kila moja dogo kama punje ya haragwe, yanahitaji siku 15 hadi 19 za kuatamiwa. Makinda watakaa tena siku 20 hadi 26 kabla ya kuruka. Ukiyaingiza ndani huna joto sahihi, huna unyevu sahihi, na wakianguliwa huna cha kuwapa. Tena sheria ya wanyamapori ya Costa Rica, ya mwaka 1992, haikuruhusu kumweka ndege wa porini nyumbani, hata kwa nia njema.

Kikombe chenyewe kikodolee macho ukiwa ndani, kwa darubini kama unayo. Kimefumwa kwa nyuzi za mimea na sufi, kikafungwa kwa utando wa buibui, na kwa nje amebandika vipande vya kuvumwani, yale madoa ya kijani-kijivu yaotayo kwenye magome, hata kiota kikaonekana kama kifundo cha tawi. Utando wa buibui una kazi zaidi ya kushika: unavutika. Makinda wakinenepa, ukuta wa kikombe unapanuka nao.

Dume. Hapa watu wengi wa kwetu humhukumu haraka, nawe umemwita "mwingine anayemfukuza" kwa sauti ninayoisikia hadi huku. Ukweli ni kwamba baba wa mayai hayo hajakimbia familia, kwa sababu katika ukoo huu familia ya namna hiyo haipo. Walikutana, wakaachana. Kujenga, kuatamia na kulisha ni kazi ya jike peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Dume anashika kichaka chenye maua na kukilinda kutwa, akitoa sauti kavu ya "chik, chik", akimtimua kila anayekaribia, awe jike, awe spishi nyingine, hata kipepeo. Hajui na hajali kwamba huyu ni mama wa watoto wake. *Amazilia tzacatl* ni miongoni mwa wagomvi wanaojulikana sana bustanini. Kwa hesabu ileile ya sukari, kichaka kimoja kizuri kinamtosha siku nzima, na akigawana hakimtoshi.

Hili linatufikisha kwenye chupa yako, na hapa sitakupa jibu la ndiyo au hapana.

Faida ipo. Katika siku tatu za mvua kama zile, maji ya sukari yasiyoingiwa na mvua yangemvusha jirani yako bila kuzizima. Hasara nazo zipo. Chupa ikichacha inaota kuvu na kuwadhuru haohao. Ikiwekwa karibu na kiota inawaita madume wagombane juu ya kichwa cha mama. Ikiwekwa karibu na kioo wanajigonga. Na kanuni za nchi hiyo kuhusu kulisha wanyama wa porini si za kuchezea, basi kabla ya kuitundika ulizia ofisi ya SINAC, mamlaka ya hifadhi ya huko, wanaruhusu nini eneo lako.

Wakikuruhusu, unga mwekundu tupa. Rangi yake haina lishe yoyote, kifuniko chekundu cha chupa kinatosha kuwaita, na sioni sababu ya kumnywesha rangi ndege wa gramu tano. Chukua sukari nyeupe ya kawaida, sehemu moja kwa sehemu nne za maji, ambayo ni karibu na utamu wa maua wanayoyapenda. Chemsha, acha ipoe. Asali usiweke, inaalika kuvu. Sukari guru na ile ya kahawia usiweke, ina madini ya chuma ambayo hayawafai. Kwa joto la Turrialba badilisha kila baada ya siku mbili, na osha chupa kwa maji ya moto na brashi mpaka kwenye vitundu. Kama unajijua hutaweza kuosha hivyo wakati wa mitihani, usianze. Na itundike upande wa pili wa nyumba, mbali na mlimau.

Kama shauri ni langu, ningekuambia upande. Wewe ni mtu wa kilimo mseto, mkono wako ni mwepesi kwenye udongo kuliko kwenye brashi ya chupa. Tafuta *Hamelia patens*, kichaka chenye vijitarumbeta vyekundu-machungwa, kinachokubali kupogolewa na kutoa maua karibu mwaka mzima. Heliconia pia, jamaa za migomba. Maua huleta na wadudu, na wadudu ni jambo ambalo chupa haileti: sukari ni mafuta ya injini, lakini nyama ya kinda hujengwa kwa vijidudu na buibui wadogo ambao mama huwaokota hewani na majanini.

Na kwenye *Hamelia* kuna kioja ambacho siwezi kukunyima. Ndani ya maua hayo huishi utitiri, wadogo kuliko nukta ya mwisho wa sentensi, wanaokunywa nekta ileile. Ua likinyauka wanahitaji kuhama, na hawana mabawa. Basi kolibri akitia mdomo, wanaupanda mbio na kujificha puani mwake. Akifika ua lingine wanatambua kwa harufu kama ndicho kituo chao, wanashuka mbio kabla hajaondoa mdomo. Robert Colwell, aliyewachunguza kwa miaka mingi, alikuta kwamba wanaweza kumaliza hadi asilimia 40 ya nekta ya ua la *Hamelia*. Yaani abiria wa daladala anayekula chakula cha dereva.

Sasa, lini utafute msaada wa mtu wa kuja kuona? Ukimkuta ndege ametulia asubuhi, amejituna manyoya, mdomo ameuelekeza juu, au ananing'inia kama yule, mwache, msubirie jua limfikie. Ukimkuta chini ya dirisha mchana, bawa moja limeshuka, mdomo wazi, kichwa kimeegama, huyo kajigonga. Mweke kwenye kaboksi chenye vitundu na karatasi laini, mahali pa giza na vuguvugu, mbali na paka, na usimfungulie kila dakika. Usimdondoshee maji mdomoni, utamjaza mapafu. Akiwa macho na ameinua kichwa, mguse ncha ya mdomo kwenye kijiko cha maji ya sukari, akitaka atatoa ulimi mwenyewe. Baada ya saa moja mtoe nje ufungue. Asiporuka, au ukiona damu, au bawa linaning'inia, piga simu SINAC au kituo cha uokoaji wa wanyamapori kilicho karibu siku hiyohiyo, kwa sababu ndege huyu hana kesho ya kusubiri.

Kuhusu makinda, hofu itakurudia karibu siku ya kumi baada ya kuanguliwa, basi nikuandae. Wakishaota manyoya ya kutosha, mama huacha kulala nao, kwa kuwa hawatoshi tena kikombeni wote watatu. Watu wengi hapo ndipo wanapowachukua wakidhani ni yatima. Mchana pia huja kwa nukta chache tu, anawatumbukiza mdomo kooni kwa namna inayotisha, kama anawachoma kisu, anawatapikia nekta na wadudu, anaondoka. Ukipepesa macho humwoni. Keti ndani saa nzima ukiangalia bila kuinuka ndipo useme hajaja. Asipoonekana mchana kwa muda wa saa mbili mfululizo, na makinda wanalia bila kunyamaza (kwa kawaida ni wakimya), piga simu. Usianze kuwalisha sukari mwenyewe, watashiba na kudumaa.

Kiota kikiharibika, na ukweli ni kwamba viota vingi vya nchi za joto haviishii vizuri, usijilaumu. Jike wa spishi hii huzaa karibu wakati wowote wa mwaka huko Costa Rica, na mara nyingi huanza kingine upesi.

Nikuambie na hili, kwa kuwa hali yako imenikumbusha. Alexander Skutch, ambaye baadaye alijulikana kama mmoja wa watazamaji wakubwa wa ndege wa Amerika ya Kati, alifika Panama mwishoni mwa miaka ya 1920 akiwa mwanabotania, amekuja kuchunguza majani ya migomba. Ndege wa spishi hii hii akajenga kiota mbele ya dirisha la maabara yake huko Almirante. Migomba ikaanza kupungua thamani machoni pake. Aliishia kununua shamba Costa Rica na kukaa humo akiangalia viota mpaka alipofariki mwaka 2004, siku chache kabla ya kutimiza miaka 100. Msimamizi wa masomo yako asisome aya hii.

Kwa sasa andika tarehe uliyoyaona mayai yote mawili, hesabu siku 16 mbele, na kuanzia hapo angalia jinsi mama anavyokaa. Utajua wameanguliwa kabla hujaona kinda hata mmoja: yule aliyekuwa anazama kikombeni robo saa nzima ataanza kuja na kwenda, na akifika hatakaa ndani. Atasimama ukingoni, ainame.